Tulivyochoma Mifupa Tukitafuta Maji ya Kunywa

Jumamosi iliyopita mlikuja wanne hapa kwangu Gatongora, mkaketi kwenye viti vyangu vya plastiki, na yule wa rasta akaniambia, "Sasa shosho, tuko na project ya maji." Nikacheka mpaka mkaangaliana. Samahani. Sikuwa nawacheka nyinyi. Nilikuwa nimemkumbuka kijana mwingine wa chuo kikuu, aliyesimama mbele yangu karibu miaka sabini iliyopita na daftari jipya kwapani, akaniambia maneno karibu yale yale, ila yeye alivaa tai.

Mliniuliza mradi huanzia wapi, nami sikuwajibu vizuri kwa sababu chai ilikuwa inafurika jikoni. Sasa nimeketi, nimevaa miwani, niwaandikie taratibu.

Nilifanya kazi ya maabara zaidi ya miaka thelathini, lakini niliingia kwa mlango wa kuosha vyombo. Ilikuwa miaka ya hamsini, Hali ya Hatari ikielekea ukingoni. Kulikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya Ruiru, na kwenye maabara yao walihitaji mtu wa kuosha chupa anayejua kusoma. Mimi nilikuwa na darasa la nne la misheni, mtoto wa miezi minane mgongoni, na mume kizuizini. Kazi ile ndiyo iliyonipa muhuri kwenye kipande changu cha kitambulisho, ruhusa ya kutoka kijijini asubuhi na kurudi jioni. Bila muhuri ule ningekaa kama kuku ndani ya uzio ambao serikali ya wakoloni ilitufungia kijijini.

Bwana wangu wa kazi alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, mrefu, mpole, na msumbufu kuliko mama mkwe. Siku ya kwanza nilimpelekea chupa ishirini zinang'aa. Akaiinua moja, akaigeuza dirishani, akairudisha.

"Hii umeosha kwa macho," akasema. "Osha kwa maji."

Alinifundisha kwamba chupa safi maji huteremka ndani yake kama shuka, yasigawanyike kuwa matone. Ukiona tone limeng'ang'ania kioo, kuna mafuta. Na ukienda kuchota maji ya kupimwa, unaisuuza chupa mara tatu kwa maji yale yale utakayochota, hata kama umetoka kuiosha. Mpaka leo nasuuza thermos mara tatu. Wajukuu wangu wanadhani ni uzee.

Basi akaja Mutiso. Alikuwa mtu wa Machakos, anasoma kemia chuo kikuu kule Uganda, na likizo ndefu alitumwa kwetu afanye utafiti wake mwenyewe ili akamilishe masomo. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua jambo la kuchunguza. Akipita kwenye mashamba kati ya Ruiru na Thika alikuwa ameona watoto wa vibarua wakicheka, na meno yao ya mbele ni ya kahawia, mengine yana mistari kama bati lenye kutu. Watu walisema ni miwa. Wengine walisema ni uchafu, na walimu waliwachapa watoto kwa kutopiga mswaki. Mutiso alikuwa amesoma kwamba kuna madini yanaitwa floraidi, yako kwenye maji ya chini sana ya ardhi, na yakizidi ndiyo huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi.

"Mama Wairimu," akaniuliza, "kijijini kwenu mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima cha pampu. Na wengine ya mto, tukiruhusiwa kwenda."

"Na watoto wakubwa meno yao yako vipi?"

Nilimfikiria Wairimu wangu, ambaye alikuwa na meno mawili tu ya chini, meupe kama punje za mahindi mabichi.

Kazi yangu ikawa kumchotea maji. Mutiso aliniletea sanduku la mbao la kubebea chupa, zuri kwelikweli, lakini kila hatua chupa ziligongana. Nikaliacha. Nikazifunga chupa kwa majani ya migomba, nikazipanga kwenye kiondo, nikatia ukamba kipajini kama ninavyobeba kuni. Hakuna hata moja iliyovunjika. Siku Mutiso alipojaribu kubeba mwenyewe kwa sanduku lake alivunja mbili kabla hajafika barabarani.

Lakini mimi nilifanya kosa kubwa kuliko kuvunja. Nilikuwa naandika jina la mahali kwenye karatasi, naibandika juu ya kizibo. Ilionekana vizuri, unatazama kiondoni unasoma zote kwa mpigo. Siku hiyo natoka kuchota, nikakuta kizuizi cha askari kwenye barabara ya Thika. Askari akaona chupa kumi na mbili za maji meupe kwenye kiondo cha mwanamke, akatabasamu kama mtu aliyepata zawadi.

"Hii ni pombe kali."

"Ni maji, afande."

"Maji ya nini kwa chupa?"

"Ya kupimwa."

"Maji yanapimwa?" Akafungua moja, akanusa. Akafungua ya pili. Akazifungua zote, moja baada ya moja, na ile ya mwisho akaionja. Uso wake ukaanguka. "Haiya. Kumbe ni maji."

Akarudisha vizibo kwa haraka, akanifukuza. Nilifurahi kwamba sikukamatwa. Nilikwenda mpaka kituoni nikiimba.

Kupima floraidi wakati huo kulikuwa hivi. Unatia maji kwenye vichupa vyembamba vya kioo, unaongeza dawa nyekundu, unasubiri saa nzima. Maji yasiyo na floraidi, wekundu unabaki. Yakiwa nayo, wekundu unapauka, unaelekea manjano. Unalinganisha na vichupa vingine ambavyo unajua ndani mna kiasi gani. Usiangalie kutoka ubavuni. Weka karatasi nyeupe chini, tazama kutoka juu, na taa usiwashe. Mzee Wafula alipenda saa nne asubuhi, jua likiwa halijakuwa kali.

Mutiso akapima, akarudia karibu wiki mbili, akaandika, akakuna kichwa. Chupa ya mto ilikuwa na floraidi nyingi mno. Chupa ya kisima ilikuwa haina kitu.

"Ajabu," akasema. "Lakini ndivyo ilivyo." Na kwa kuwa Ijumaa mkubwa wa kituo alikuwa akutane na bwana shauri, mkuu wa wilaya, juu ya maji ya vijiji, akaketi kuandika taarifa: watu wahimizwe kunywa maji ya kisima.

Jioni nikaosha zile chupa. Ile iliyoandikwa "kisima" ilikuwa na udongo mwekundu chini, na ikanuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Kiwanda cha kahawa kilikuwa kinamwaga maganda mtoni. Kisima hakina maganda ya kahawa. Nikasimama pale na chupa mkononi, nikamkumbuka askari aliyerudisha vizibo ovyo, kila kimoja kwenye chupa isiyo yake.

Nikamwambia Mzee Wafula. Nilitaka aende yeye. Akatikisa kichwa.

"Mimi nikimwambia, nitakuwa nimekushtaki. Wewe ukimwambia, utakuwa umefanya kazi." Kisha akaongeza, taratibu, "Na kofia huvuliwa, Nyambura. Siku nyingine andika tumboni mwa chupa."

Niliogopa. Nikifukuzwa, muhuri unakwenda, na mimi na mtoto tunarudi ndani ya uzio. Lakini nikifikiria kijiji kizima kinaambiwa kinywe maji yale, na Wairimu naye anakunywa, na mkono ulioleta jambo hilo ni wangu, niliona heri nifukuzwe.

Mutiso alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. "Siku kumi na mbili, Mama Wairimu! Siku kumi na mbili za kazi!" Akatoka nje akapiga teke ndoo. Ndoo ikabiringika mpaka kwenye miti ya kahawa. Alipofuata ndoo akakaa huko kwa muda. Aliporudi alikuwa ameishika mkononi, na ile taarifa ameichana.

"Kesho tunachota upya," akasema. "Mimi na wewe. Na uniandikie tumboni."

Tukachota upya. Ikawa kinyume kabisa: mto hauna kitu, kisima kinapausha wekundu mpaka unaona kama chai ya maziwa. Nikabaki kazini. Mutiso hakulitaja tena jambo lile, ila kila alipoona kizibo alikuwa ananiangalia na kukohoa.

Sasa mnadhani tulikwenda tu kijijini tukasema "acheni kisima," watu wakaacha? Mutiso alidhani hivyo. Akina mama walikusanyika uwanjani, wakamsikiliza kwa adabu, kisha mama mmoja, Nyina wa Kamau, akauliza, "Na githeri tutapikia nini?"

Mutiso hakuelewa. Nikamweleza. Maji ya kisima yalikuwa na magadi ndani, mahindi na maharagwe ya githeri yakiiva nayo kwa nusu ya kuni. Maji ya mto, ukiruhusiwa kuyachota na ukiyachuja maganda ya kahawa, unakoka moto mchana kutwa. Na kwenda kuokota kuni nje ya uzio kulihitaji ruhusa na askari wa kuwasindikiza. Kwa hiyo kisima kilikuwa kinawaokoa, na huyu kijana wa tai anawaambia wakiache. Halafu Nyina wa Kamau akamsukuma mbele mwanawe wa miaka kumi, akamfunua mdomo kwa kidole.

"Na huyu? Akiacha kisima yataondoka?"

Mutiso akasema polepole, "Hapana, mama. Haya yameshaumbwa. Ni hawa wachanga tunaoweza kuwasaidia."

Mama akamfunga mwanawe mdomo kwa kiganja, kama anayemkinga na baridi.

Nadhani ni hapo ndipo Mutiso alipoanza kazi yake hasa. Aliacha kusema "watu waache," akaanza kuuliza "tuyasafishe vipi." Alikuwa amesoma kwamba mifupa iliyochomwa hunyonya floraidi. Basi wiki tatu nzima tulichoma mifupa. Mchinjaji mmoja wa Ruiru alitupa mifupa ya ng'ombe bure, na mbwa wote wa mji wakatufuata mpaka kituoni, wakalala langoni kama walinzi.

Mara ya kwanza hatukuchoma vya kutosha. Tulisaga, tukajaza kwenye debe lenye matundu, tukapitisha maji. Yakatoka ya manjano na yananuka supu. Mzee Wafula akaonja, akasema kilichobaki ni chumvi na dania. Mara ya pili tukachoma sana, mifupa ikawa myeupe pe kama chaki, na haikunyonya kitu. Nikamwambia Mutiso tufanye kama tunavyochoma makaa: moto uwashwe, kisha ufunikwe, usipate hewa nyingi. Tukatia mifupa kwenye pipa, tukaziba kwa udongo, tukaacha tundu dogo. Ikatoka ya kijivu cheusi, na ukiivunja inalia kama kigae. Maji yaliyopita humo tukayatia dawa, tukasubiri saa nzima. Wekundu ukabaki. Mutiso alimkumbatia Mzee Wafula, na mzee hakujua aweke wapi mikono.

Mutiso akachora debe lake kwa rula, kwa pande tatu, kwa ajili ya mwalimu wake chuoni. Mchoro mzuri ajabu. Tukapeleka debe moja kijijini, nikaliweka mlangoni kwangu ili watu waone nikinywa.

Siku ya pili, Mutiso akiwa amekuja kulitazama debe, hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuja na askari kanzu wawili. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mwoga, na mwoga mwenye rungu ni hatari.

"Nyina wa Wairimu, ndani ya debe kuna nini?"

"Dawa ya kusafisha maji."

Akaingiza mkono, akatoa kipande cha mfupa. Watu waliokuwa wamesimama wakarudi nyuma hatua mbili.

"Mfupa," akasema. "Umechomwa. Na watu wanakunywa." Akaniangalia. "Hiki ni kiapo gani tena?"

Nyinyi hamjui neno hilo lilikuwa na uzito gani wakati ule, serikali ikimsaka kila aliyekula kiapo cha kuipinga. Watu walikuwa wamefungwa kwa kidogo kuliko hicho. Mume wangu mwenyewe alikuwa ndani kwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Nikachota kikombe, nikanywa chote mbele yake, nikampa Mutiso naye akanywa, akamwonyesha barua ya kituo yenye muhuri. Hedimani akaisoma barua juu chini. Mwishowe akasema debe litoke kijijini siku hiyo hiyo, na yeye hatakuwa ameliona. Hata leo namshukuru kwa hilo. Nikalibeba debe mgongoni nikatoka nalo, na hakuna mama hata mmoja aliyenitazama usoni. Nao sikuwalaumu. Mimi ningefanya vile vile.

Tulikwenda nalo kwa Mama Savita. Huyu alikuwa na duka la nguo na vyombo pale Ruiru, yeye na mumewe, Wahindi waliokaa hapo tangu ujana. Mutiso aliwaza kwamba kama mtu wa mjini akilikubali debe, watu wa kijiji wataacha kuogopa. Akamweleza kila kitu. Mama Savita alisikiliza akikunja vitambaa, mpaka Mutiso aliposema mifupa ni ya ng'ombe. Akaweka kitambaa chini.

"Ng'ombe? Baba, mimi hapana weza. Toa nje tafadhali. Hapana kasirika, lakini toa nje."

Mutiso akaomba radhi, akalitoa mbio. Mimi nilibaki, kwa sababu binti yao, Savita, wa miaka tisa hivi, alikuwa amesimama nyuma ya kaunta akicheka jinsi Mutiso alivyokimbia na debe. Alicheka kwa mdomo wote. Nikamtazama. Meno yake makubwa ya mbele yalikuwa meupe, bila mstari hata mmoja.

"Mama Savita," nikauliza, "huyu amezaliwa wapi?"

"Hapa hapa. Juu ya duka."

"Na mnakunywa maji gani?"

Akanyoosha kidole juu. "Ya Mungu. Kisima ile mimi nafulia tu."

Nyuma ya duka kulikuwa na tangi la bati, na gata la kukinga maji ya mvua limezunguka paa lote. Niliomba chupa moja. Nikaisuuza mara tatu, nikajaza, nikaandika tumboni: Savita. Kesho yake, saa nne, wekundu ulibaki kana kwamba hatukutia kitu.

Mutiso aliangalia kichupa kile kwa muda mrefu. Hakufurahi, nisiwadanganye. Akakunja mchoro wake wa debe, akaukunjua, akaukunja.

"Nitamwandikia mwalimu nini?" akasema. "Kwamba nimegundua mvua?"

"Mwandikie hivyo hivyo."

"Atanicheka."

"Acheke," nikamwambia. "Wairimu anaota meno sasa. Hatangoja mpaka watu waache kuogopa mifupa."

Alinikasirikia mpaka mchana. Saa nane akaja akaniuliza paa la shule ya kijiji ni la nyasi au la mabati.

Lilikuwa la mabati. Shule na kanisa vilikuwa jengo moja, na hedimani alikubali upesi kwa sababu tangi halina mfupa. Kituo kilitoa bati. Fundi mmoja Singasinga kutoka Thika akaja kulikunja na kuliunga kwa risasi ya kuyeyusha, akimgombeza Mutiso kwa kuwa vipimo vyake vilikuwa vya mtu ambaye hajawahi kushika nyundo. Mutiso akavibadilisha. Alikuwa amejifunza kubadilisha. Tukapatana na akina mama: githeri na kufua ni maji ya kisima; maji ya tangi ni ya watoto wachanga na wale ambao hawajaanza shule, na ya mama mwenye mimba. Nyina wa Kamau ndiye aliyeshika ufunguo. Mwanawe hangefaidika hata tone, lakini tukamwomba yeye, akakubali.

Mvua ya kwanza ilipoanza kupiga, wanawake walitoka mbio na vibuyu na masufuria. Na mimi nikashika bomba la gata nikaligeuza nje, maji yakamwagika uwanjani. Ai, nilitukanwa! "Nyambura umerukwa na akili? Miezi mitatu tumengoja!" Lakini paa lilikuwa na vumbi la ukame mzima na mavi ya ndege. Maji ya kwanza ni ya kuosha paa. Nikashikilia bomba, nimelowa mpaka mifupani, mpaka yalipotoka safi. Ndipo nikaligeuza. Mutiso alirudi chuoni wiki hiyo, na alimwandikia mwalimu wake yote, debe na mvua pia. Sikusikia kama alichekwa. Nilisikia alifaulu.

Mume wangu alirudi mwaka uliofuata. Mimi nikapanda, kutoka chupa hadi dawa, kutoka dawa hadi mezani na daftari langu mwenyewe. Lakini utafiti ule ulikuwa bado haujaisha. Meno ya ukubwani hayaonekani mpaka mtoto afike miaka sita au saba. Hakuna mashine ya kuharakisha hilo. Wengi walisahau. Uzio uliondolewa, watu wakahama, bendera ikabadilika.

Wairimu alipong'oka meno ya mbele na mengine yakachomoza, nilimwandikia Mutiso barua, mistari miwili tu. Sikungoja jibu, kwa maana alikuwa mtu mkubwa sasa, ana ofisi Nairobi.

Hakujibu. Alikuja. Alisimamisha gari shuleni, hakupita kwangu hata kusalimu, akamwomba mwalimu awapange watoto wa darasa la kwanza na la pili ukutani. Mwalimu akamtuma mtu kuniita, akidhani kuna kichaa amevaa suti. Nilipofika alikuwa amefika katikati ya mstari, anamwambia kila mtoto acheke, na watoto wanacheka kweli kwa sababu hawajawahi kuona mtu mzima wa namna hiyo. Meupe. Meupe. Meupe. Alikuwa anapangusa macho kwa tai.

Karibu na mwisho wa mstari kulikuwa na msichana mmoja aliyekataa kufungua mdomo. Tukamshawishi. Meno yake yalikuwa ya kahawia. Mwalimu akasema tusijali, huyu si wa hapa, wazazi wake wamehamia juzi kutoka shamba lingine.

Nilidhani Mutiso atapita. Jambo lake lilikuwa limethibitika, mtoto mmoja wa mbali haliharibu. Akachutama mavumbini na suti yake mbele ya yule mtoto, akafungua daftari, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Huko kwenu mlikuwa mnachota maji wapi?"